Je, Damu Inafika Miguuni Mwako?

Natumaini nyote mmeketi, na mwalimu wa darasa ameiweka radio mahali ambapo hata aliyeketi nyuma anasikia vizuri. Leo ni zamu ya somo la afya. Kabla hatujaanza, namwomba mwalimu aandike ubaoni maneno haya matano kwa herufi kubwa: MOYO. ATERI. VENA. WAYO. GANZI. Yasomeni pamoja mara mbili, silabi kwa silabi.

(Kituo kifupi. Darasa lisome maneno yaliyo ubaoni.)

Vema. Wayo ni upande wa chini wa mguu, ule unaokanyaga ardhi. Ganzi mnaijua: ni hali ya kutosikia kitu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Ateri na vena nitawaeleza baadaye. Sasa tafuteni saa yenye mshale wa sekunde, au simu inayohesabu sekunde. Kisha kila mmoja avue viatu vyake. Asione haya mtu kwa vumbi la miguu yake. Hilo ni vumbi la kazi.

Wazee walio darasani huenda wanakumbuka mwaka 1973. Mwaka ule watu wapatao milioni mbili wa Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza radioni masomo yaliyoitwa "Mtu ni Afya". Walijifunza habari za malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Maadui hao hawajakwisha. Lakini yupo adui mwingine asiye na mbu wala konokono wa kumleta. Huyu hukua ndani ya mishipa yetu wenyewe, polepole, na mara nyingi hujionyesha kwanza miguuni. Huyo ndiye tutakayemtafuta leo.

HABARI YA BABA YANGU MDOGO

Nianze na habari ya nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo alikuwa mkwezi wa minazi huko Pangani. Mkwezi anaishi kwa miguu yake. Miguu ikikataa, hana kazi.

Alivuta tumbaku tangu ujana. Alipopita umri wa miaka hamsini tuliona kwake mambo mawili. Jambo la kwanza, kila alipokwenda shambani alisimama njiani. Alitembea kiasi cha hatua mia mbili, akasimama chini ya mnazi, akatazama juu kana kwamba anahesabu nazi. Baada ya dakika chache aliendelea, kisha akasimama tena. Sisi vijana tulicheka. Tulisema mzee hawezi kupita mnazi bila kuuamkia. Jambo la pili, usiku alilala mguu wake wa kulia ukining'inia nje ya kitanda. Tulipomwuliza alisema ni joto.

Mwaka 2014 alijikata katika kidole gumba cha mguu huo. Kidonda kilikuwa kidogo kama punje ya hindi. Wiki tatu zikapita, hakijapona. Alikwenda katika zahanati moja, kidonda kikaoshwa na kufungwa kitambaa kipya. Mambo yalikuwa hivyo mara baada ya mara, muda wa wiki saba. Hakuna aliyeugusa mguu wenyewe kuona kama una joto. Lakini siwalaumu wale peke yao. Mimi, mwenye stashahada ya chuo kikuu, nilikuja likizo. Niliketi naye barazani siku nne, nikamsomea magazeti, wala sikuinama hata mara moja kuutazama mguu wake.

Wiki ya nane kidole kilikuwa cheusi. Kilikuwa donda ndugu. Alipofikishwa hospitali alikutwa pia na kisukari, ugonjwa ambao hakuna mtu nyumbani aliyejua kwamba anao. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Nilipokwenda kumwona nilisema, "Shikamoo, baba." Akaitika, "Marahaba." Kisha akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye msomaji wetu. Mguu huu ulikuwa ukisema siku zote. Ilikuwaje usiusome?"

Sikuwa na la kumjibu siku ile. Somo la leo ndilo jibu langu.

SAFARI YA DAMU

Mnajua kwamba moyo ni kama pampu. Mtu mzima akiwa amepumzika, moyo wake husukuma damu kiasi cha lita tano kwa kila dakika moja. Damu hiyo hutoka moyoni kwa mishipa yenye nguvu iitwayo ateri. Ateri hugawanyika kuwa ndogo na ndogo zaidi, mpaka kufikia vishipa vyembamba kuliko unywele. Huko ndiko nyama ya mwili inakopokea hewa safi na chakula. Kisha damu hurudi moyoni kwa mishipa ya namna nyingine iitwayo vena. Kumbukeni hivi: ateri inapeleka, vena inarudisha.

Daktari mmoja wa Uingereza, William Harvey, aliieleza safari hii ya mzunguko katika kitabu alichokitoa mwaka 1628. Jaribio lake moja twaweza kulifanya sisi sote hapa. Ning'inizeni mkono mmoja chini mpaka mwone mishipa imetokeza nyuma ya kiganja au kwenye mkono chini ya kiwiko. Hizo ni vena. Chagueni moja iliyonyooka. Wekeni kidole kimoja juu yake, upande ulio karibu na vidole vya mkono, mkibana. Kwa kidole cha pili isukumeni damu kuelekea kwenye kiwiko, kisha ondoeni kidole hicho cha pili. Mnaona nini?

(Kituo. Wanafunzi wajaribu.)

Wengi wenu mtaona kipande cha mshipa kimebaki kitupu, kimelala. Damu haikurudi nyuma. Sababu yake ni kwamba ndani ya vena mna vilango vidogo, vinavyofunguka upande mmoja tu, kuelekea moyoni. Sasa ondoeni kile kidole cha kwanza. Mshipa unajaa mara moja kutoka chini. Hivyo ndivyo damu inavyopanda kutoka miguuni bila kuanguka tena chini.

Sasa fikirini shamba la mfereji. Maji yakipungua juu, au taka zikiziba mfereji, ni mahindi gani yatakayonyauka kwanza? Ni yale ya mwisho wa shamba. Basi vidole vya miguu ndivyo mwisho wa shamba. Viko mbali na moyo kuliko kiungo chochote. Ndiyo maana mwenye kutaka kujua kama mifereji yake ya damu ni mizima hana budi kutazama miguu.

NJIA TANO ZA KUPIMA

Kaeni wawili wawili, mwanamke na mwanamke mwenziwe, mwanamume na mwanamume mwenziwe. Anayependa kujipima mwenyewe na ajipime. Kanuni ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote: linganisheni mguu mmoja na wa pili. Mguu mmoja ndio mizani ya mwingine.

Njia ya kwanza ni macho. Tazameni rangi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi weupe wa kukosa damu hauonekani upesi kwa juu. Basi geuzeni mguu mtazame wayo, na tazameni kucha. Je, wayo mmoja umepauka, au una rangi ya kijivu au ya zambarau, na mwingine hauko hivyo? Tazameni ngozi. Ngozi inayokosa damu huwa nyembamba na yenye kung'aa, na vinyweleo vya vidole na vya muundi huweza kupotea. Panueni vidole, mtazame katikati yake. Tazameni kisigino. Pana ufa, lengelenge au kidonda? Kidonda cha lini?

Njia ya pili ni mgongo wa mkono, maana huo husikia joto vizuri kuliko kiganja. Uwekeni chini ya goti la mwenzenu, mshuke nao taratibu mpaka vidoleni. Fanyeni hivyo kwa miguu yote miwili. Kama miguu yote ni ya baridi sawasawa asubuhi ya kipupwe kule Lushoto, hilo si ajabu. Lakini mguu mmoja ukiwa wa baridi na mwingine wa joto, hilo ni jambo la kuandikwa.

Njia ya tatu ni vidole viwili, cha shahada na cha kati. Msitumie kidole gumba, kwa sababu kina mapigo yake mwenyewe, mtapata kujihesabu ninyi badala ya mgonjwa. Anzeni na mkono, chini ya kidole gumba, penye kifundo. Mshipa unadunda? Hesabuni mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisheni kwa mbili. Aliyehesabu 38 aandike 76. Mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupata kati ya 60 na 100 kwa dakika.

(Kituo cha dakika moja. Wanafunzi wahesabu na kuandika.)

Sasa twende miguuni. Mwambieni mwenzenu ainue kidole gumba cha mguu. Mtaona kano imesimama kama kamba juu ya mguu. Wekeni vidole viwili kando ya kano hiyo, upande wa kidole cha pili, katikati ya mguu. Gusa tu, usikandamize, maana ukikandamiza utauziba mshipa wenyewe. Ngojeni. Mahali pa pili ni nyuma ya mfupa wa kifundo cha mguu, upande wa ndani, kati ya mfupa na kisigino. Hapo nako pana mshipa unaodunda.

Asiyeusikia mshipa asishtuke. Vidole vipya havijazoea. Tena watu wachache wazima huzaliwa bila mshipa wa juu ya mguu kusikika. Ndiyo sababu tunatafuta mahali pawili. Yapo mapigo mengine pia, kwenye kinena na nyuma ya goti, lakini hayo tumwachie daktari au muuguzi. Jambo la kukumbuka ni hili: mahali pote pawili pakiwa kimya, na mguu ukiwa na maumivu, au baridi, au kidonda, mtu huyo apelekwe kupimwa.

Njia ya nne ni ukucha. Bana ukucha wa kidole gumba cha mguu kwa sekunde tano. Utageuka mweupe. Achia, uhesabu: moja, mbili. Rangi ya damu inapaswa kurudi kwa muda wa sekunde mbili hivi. Ikichelewa kupita tatu, na wala hakuna baridi, damu inafika kwa shida.

Njia ya tano ni kuinua mguu. Mtu alale chali mkekani, miguu yake iinuliwe mpaka nusu ya kusimama, na ishikwe hapo dakika moja au mbili. Wayo wa mguu mzima hubaki na rangi yake. Wayo wa mguu uliozibwa hupauka, kwa sababu damu haina nguvu ya kupanda kilima. Kisha mtu aketi, aning'inize miguu. Mguu mzima hurudia rangi yake upesi. Mguu mgonjwa huchelewa, halafu huwa mwekundu au wa zambarau kupita kiasi. Kipimo hiki kimepewa jina la Leo Buerger, daktari wa Marekani, ambaye mwaka 1908 alieleza ugonjwa wa kuziba mishipa ya miguu na mikono unaowapata hasa wavutaji wa tumbaku.

MASWALI YA KUMWULIZA MTU

Macho na vidole havitoshi. Lazima pia tuulize. Muulizeni mzee wenu kwa adabu maswali matatu.

Swali la kwanza: ukitembea, shavu la mguu linauma? Je, maumivu huja baada ya mwendo ule ule kila siku, na hukoma ukisimama dakika chache? Hiyo ni dalili kubwa ya ateri kuwa nyembamba. Nyama inapofanya kazi inataka damu nyingi, mfereji hauwezi kuileta, nyama inalia. Ukisimama, inanyamaza.

Swali la pili: usiku ukilala, mguu unauma, na unapata nafuu ukiuning'iniza chini? Hapo ugonjwa umekwenda mbali. Hata katika mapumziko damu haitoshi, na mtu anaiomba ardhi imsaidie kuivuta.

Swali la tatu: una kidonda mguuni kilichopita wiki mbili bila kuanza kupona?

Sasa mnaelewa baba yangu mdogo alikuwa akifanya nini chini ya minazi. Hakuwa akihesabu nazi. Alikuwa akingoja damu. Na mguu ule uliokuwa ukining'inia usiku haukuwa ukitafuta upepo. Dalili zote tatu zilikuwa mbele yetu, nasi tulizicheka mbili na ya tatu tukaifunga kitambaa.

MAMBO MANNE YASIYOFANANA

Si kila mguu mgonjwa una shida ile ile. Andikeni mambo manne.

La kwanza ni ateri kuziba polepole, kama nilivyokwisha kueleza. Wanaoipata zaidi ni wavutaji wa tumbaku, wenye kisukari, wenye shinikizo kubwa la damu, wenye mafuta mengi katika damu, na wenye umri mkubwa. Kisukari ni kibaya mara mbili. Huziba mishipa, tena huua hisia. Mwenye kisukari aweza kukanyaga msumari uliotoboa katambuga akaendelea na safari, maana mguu umekufa ganzi. Kwa hiyo kwake yeye kutokuwa na maumivu si habari njema.

La pili ni ateri kuziba ghafula. Mguu au mkono uliokuwa mzima asubuhi, mara unauma sana, unapauka, unakuwa wa baridi, mapigo yanapotea. Kisha unaingia ganzi na vidole vinakataa kusogea. Mara nyingi donge la damu limetoka moyoni na kukwama njiani. Hapa hakuna kungoja kesho, wala kukanda kwa maji ya moto. Mguu wa namna hii una muda wa saa sita hivi tu kabla nyama haijaanza kufa. Sisemi saa sita ya mchana; nasema muda wa saa sita tangu kuanza maumivu. Mtu huyu apelekwe hospitali kubwa mara moja, hata ikiwa ni usiku.

La tatu ni ugonjwa wa vena, yaani njia ya kurudi. Vilango vile tulivyoviona mkononi vikichakaa, damu hulala miguuni. Mishipa hutuna na kujisokota kama kamba, miguu huvimba jioni, na vidonda hutoka juu ya kifundo upande wa ndani. Mguu huu ni wa joto, na mapigo kwa kawaida yapo. Mwenye hali hii apumzike akiwa ameinua miguu. Lakini kuna hatari moja ya vena. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma shavuni, hasa baada ya kujifungua, baada ya kupasuliwa, au baada ya kulala kitandani siku nyingi, huenda damu imeganda ndani ya vena. Mama aliyejifungua akiwa hivyo, tafadhali msimkande mguu. Donge laweza kung'oka likaenda mapafuni. Akishikwa na pumzi fupi ya ghafula au kichomi, hiyo ni hatari ya kufa. Apelekwe upesi.

La nne ni kufungwa. Hili tunajiletea wenyewe. Mtu ameumwa na nyoka, tunamfunga kamba kwa nguvu ili sumu isipande. Kamba hiyo huzuia damu, na wengine wamepoteza mkono au mguu kwa sababu ya kamba kuliko kwa sababu ya nyoka. Afadhali kumlaza, kumtuliza, kumvua pete na bangili kabla ya kuvimba, kukizuia kiungo kisichezecheze, na kumpeleka penye dawa. Vivyo hivyo kwa mfupa uliovunjika. Awe amefungwa vijiti na fundi wa mifupa kijijini, au plasta ngumu hospitalini, vidole viachwe nje vionekane. Vitazameni mara kwa mara siku za kwanza. Vina joto? Ukucha unarudisha rangi? Vinasogea? Vinasikia vikiguswa? Mtoto akilia kwamba kifungo kinauma zaidi na zaidi, msimwambie avumilie. Kifungo kilegezwe, na arudishwe kwa mganga saa ile ile.

Mtaniuliza, na matende je? Mguu wa matende huvimba kwa sababu nyingine. Unaletwa na vijidudu vinavyoambukizwa na mbu, navyo huharibu mishipa ya maji ya mwili, si mishipa ya damu. Huo una somo lake.

KIPIMO CHA HOSPITALI, NA HESABU YAKE

Hospitalini kipo kipimo rahisi kisichotaka kuchanja wala kuchoma sindano. Mganga hupima shinikizo la damu mkononi, kisha hupima kwenye kifundo cha mguu. Halafu hugawanya. Chukueni kalamu. Mguu ni 80. Mkono ni 120. Gawanyeni 80 kwa 120. Mmepata ngapi?

(Kituo. Wanafunzi wafanye hesabu.)

Jibu ni 0.67. Katika mtu mzima mwenye afya, mguu na mkono hukaribiana, au mguu huzidi kidogo, na jibu huwa 1 au kupita kidogo. Jibu likiwa 0.9 au chini yake, ateri za mguu zimekuwa nyembamba. Jibu likipita 1.4, si afya zaidi. Mara nyingi mishipa imekuwa migumu, kama itokeavyo kwa wenye kisukari. Mwenzetu mwenye 0.67 ni mgonjwa, hata kama bado anatembea.

TUFANYE NINI?

Anayevuta tumbaku aache. Hakuna dawa itakayofanya kazi vizuri katika mguu ambao mwenyewe anaendelea kuukaba kwa moshi. Kila mtu mzima apimwe sukari na shinikizo la damu. Aliyepewa dawa asiziache anapojisikia nafuu. Mwenye maumivu ya shavu la mguu, akiisha kupimwa na mganga, atembee kila siku: atembee mpaka paume, apumzike, atembee tena. Mazoezi hayo huongeza mwendo wake.

Mwenye kisukari aoshe miguu kila siku, aikaushe katikati ya vidole, aitazame. Akung'ute kiatu kabla ya kukivaa. Asitembee pekupeku, hata uani. Asiote moto kwa nyayo, wala asipime maji ya moto kwa mguu. Apime kwa kiwiko. Kucha azikate kwa kuzinyoosha, asizichimbe pembeni. Na kidonda chochote cha mguu, hata kiwe kidogo kama punje ya hindi, akionyeshe.

Tena mnapokwenda zahanati na kidonda cha mguu, msione haya kusema kwa heshima, "Bwana mganga, tafadhali nitazame na mapigo ya mguu." Hilo si ukaidi. Ni haki ya mgonjwa, na mganga mwema atafurahi.

Baba yangu mdogo yu hai. Hakwei tena minazi. Anasokota kamba za usumba, akiketi barazani. Tumbaku aliiacha. Kila jioni, baada ya chakula, humwita mjukuu wake alete kurunzi, amtazamie wayo wa kushoto na kumwambia anachokiona. Mtoto yule ana miaka tisa, na anajua mahali mshipa unapodunda kuliko nilivyojua mimi siku nilipotoka chuoni.

KAZI YA NYUMBANI

Leo usiku, kila mmoja wenu atazame miguu ya mtu mmoja aliye mkubwa nyumbani: baba, mama, bibi, au jirani. Mwombeni ruhusa kwanza. Kisha andikeni katika madaftari majibu ya maswali haya:

1. Miguu miwili ina joto sawasawa?
2. Mapigo yamesikika juu ya mguu? Nyuma ya kifundo, upande wa ndani, je?
3. Ukucha ulirudisha rangi baada ya sekunde ngapi?
4. Pana kidonda? Kina siku ngapi?
5. Akitembea, shavu la mguu linauma? Usiku mguu unauma?

Mkiona jambo la kutia shaka, msingoje kipindi kijacho. Daftari hilo hilo lichukueni kesho asubuhi, mwende nalo zahanati pamoja na mzee wenu, mkamsomee mganga mlichoandika. Lakini mguu uliokuwa baridi na ganzi ghafula hauna kesho. Huo uende leo.

Mwalimu wa darasa, sasa majadiliano ni yenu. Kwaherini mpaka wiki ijayo.